UZI: Modeli tatu, saiti moja Malindi, na tundu za maji hazikuachwa. Tuzungumze mpango wa BIM

Mleta uzi:
Salaam aleikum wadau na habari za jioni kwa wote. Mie nafanya kazi ya kuratibu michoro saiti, mzaliwa wa Lamu ila miaka hii riziki yangu naitafutia Malindi, na leo nataka tulizungumze jambo ambalo naona tunalivamia mbio mbio bila kulipanga, nalo ni BIM (Building Information Modelling). Kwa wasioijua, hii ni njia ya kulijenga jengo zima kwenye kompyuta kwanza, si mistari mitupu kama ramani tulizozoea. Humo kila kitu kinajijua, ukuta unajua kuwa ni ukuta na umejengwa kwa jiwe gani na una unene gani, mlango unajua upana wake, paipu inajua inapitisha maji safi au machafu. Na nianze na la jina, maana saiti ukitamka BIM mafundi wanasikia bimu ile ya zege, nimekaa mkutanoni watu wawili wakipishana nusu saa, mmoja yuko kwenye bimu ya ghorofa ya pili mwingine yuko kwenye kompyuta. Kwa hivyo humu ntasema modeli, tuelewane.

Sasa kisa. Tulikuwa na nyumba ya wageni, ghorofa tatu, si mbali na bahari. Akitekta ana modeli yake, injinia wa zege ana yake, watu wa maji na stima wana yao, zote safi, ukizizungusha kwenye skrini unatamani kuhamia leo. Mwenye jengo kaambiwa mradi wake ni wa BIM, kafurahi, na kwenye mkataba kukaandikwa sentensi moja tu kwamba kazi itafanywa kwa BIM. Basi. Hakuna aliyeuliza modeli hizi ni za kufanyia nini, nani anampa nani kitu gani, lini, na nani atazikutanisha.

Siku ya kuzikutanisha ilipofika jengo moja likawa mawili, moja liko kwenye ploti na jingine liko mbali huko. Sababu? Sorveya alipima kwa namna ya kuipa ardhi namba za mahali iitwayo Arc 1960, ile ya UTM zoni 37 Kusini ambayo ndo ramani zetu nyingi za upimaji Kenya zinatumia, akitekta naye alichukua nukta yake kwenye ramani ya satelaiti ya simu ambayo inatumia namna nyingine, WGS84, na kati ya hizo mbili huku kwetu tofauti ni mamia ya mita. Badala ya kusimama na kukubaliana nukta moja, tukaivuta modeli kwa macho mpaka kuta zikalingana. Kuta zililingana kweli. Lakini sifuri ya akitekta, yaani pale anapoanzia kupima kwenda juu, ilikuwa juu ya vigae na sifuri ya injinia ilikuwa juu ya zege tupu, kwa hivyo kwa kwenda juu kila mtu alikuwa na nyumba yake, na hilo macho hayakuliona.

Slebu ikamiminwa. Plamba anakuja na paipu za maji machafu za vyoo vya ghorofa ya pili anakuta hakuna tundu lililoachwa, na pale paipu inapotakiwa ishuke pana bimu. Akashika nyundo na patasi. Alipofika kwenye chuma injinia akasimamisha kazi, tukakaa wiki kadhaa tukichora upya, dari ya chini ikashushwa kuficha paipu iliyozungushwa, na gharama ikamwangukia mwenye jengo ambaye hakuwa na kosa lolote. Iliniuma na mpaka leo inaniuma, kwa sababu kila modeli peke yake ilikuwa sawa. Kilichokosekana ni karatasi chache za mpango kabla mtu yeyote hajafungua programu.

Injinia wa Kilifi:
Pole ila mie napinga kidogo. Hapo kosa ni la kontrakta. Kabla ya kumimina slebu lazima udai mchoro wa tundu, hilo lilikuwepo kabla ya kompyuta kuzaliwa. Usiitwike BIM mzigo wa foromani aliyelala.

Mleta uzi:
Injinia umesema kweli na sitaitetea saiti yetu, mchoro wa tundu ulipaswa kudaiwa. Lakini nikuulize, unajua kwa nini haukudaiwa? Foromani aliambiwa kila kitu kimo kwenye modeli. Watu wa maji walidhani injinia ataziona tundu kwenye modeli yao azihamishe kwake, injinia alidhani ataletewa orodha, kontrakta akadhani wameshaonana. Zamani kila mtu alijua ni zamu ya nani kudai nini, modeli ilipoingia zile zamu zikavurugika na hakuna aliyekaa kuzigawa upya. Hilo ndo naliita kukosa mpango.

Mwanachuo:
Kaka samahani, huo mpango una nini hasa ndani? Sisi chuoni tunafundishwa Revit tu, ile programu ya kuchorea modeli, kuchora, kupaka rangi, kutoa picha. Mpango sijawahi kuuona.

Mleta uzi:
Swali zuri dadangu (au ndugu yangu, jina halionyeshi). Kuna watu walishaumiza vichwa kwa ajili yetu. Chuo kikuu cha Penn State kule Marekani walitoa mwongozo wa kupanga BIM ya mradi, toleo la pili lilikuja 2010, wakaorodhesha matumizi 25 ya modeli, kuanzia kupima jengo lililopo, kukadiria gharama, kupanga hatua za ujenzi kwa tarehe, kukutanisha modeli za fani zote, mpaka matunzo baada ya watu kuhamia. Na njia yao ina hatua nne, unachagua shabaha na matumizi, unachora mtiririko wa nani anafanya nini baada ya nani, unaandika ni habari gani inatoka kwa nani kwenda kwa nani, kisha ndo unapanga vyombo, yaani programu, mkataba, mikutano, utaratibu wa kukagua ubora.

Angalia programu iko wapi. Mwisho kabisa. Sisi tunaanza nayo.

Na la kwanza kabisa walilosema, ambalo mie nalishika kama kamba ya nanga, ni kwamba matumizi uyachague ukianzia mwisho wa jengo urudi nyuma. Usianze kwa kuuliza akitekta anaweza kuchora nini, uliza yule mtunza jengo miaka mitano baadae atataka kujua nini. Kwenye ile nyumba ya wageni mtunza jengo alitaka mambo madogo sana, valvu ya kufunga maji ya kila ghorofa iko wapi, pampu ni ya aina gani na ilinunuliwa lini, mashine za baridi zile za nje zina garantii mpaka lini, maana kando ya bahari chumvi inazila na hazikai kama za bara. Hakuna hata moja kati ya hayo lililokuwemo kwenye modeli. Kulikuwemo viti vya kuotea jua vilivyochorwa mpaka mishono.

Meneja wa nyumba ya wageni:
Hapo kwa valvu umenigusa. Mie nimerithi jengo lenye michoro kabati zima na bomba likipasuka usiku tunafunga maji ya nyumba nzima, wageni wote wanakosa, kwa sababu hakuna anayejua valvu ya chumba kile iko wapi. Aliyejenga alishaondoka na simu hashiki.

Fundi mkongwe:
Vijana mnajisumbua. Baba yangu kajenga Lamu na babu yangu kajenga Lamu, nyumba za mawe za ghorofa zimesimama mpaka kesho na hakuna kompyuta wala karatasi. Ramani ilikuwa kichwani.

Mleta uzi:
Mzee wangu shikamoo. Nakubali kabisa, na mie naona wao ndo walipanga kutushinda. Nyumba ya kale ya Mkomani, kule mji wa kale wa Lamu, ukiingia unakuta daka la mlangoni, kiwanda yaani ua wa ndani, kisha vyumba vyembamba virefu, misana miwili na ndani, chumba cha mwisho, upana wake ni kama mita mbili na nusu mpaka tatu hivi, na wengi wanadhani ni mapenzi tu ya watu wa zamani. Sivyo, ni urefu wa boriti. Boriti ya mkoko ndo iliyobeba dari ya mawe na chokaa na haiwezi kuvuka zaidi ya hapo bila kulegea, kwa hivyo fundi kabla hajachimba msingi alishajua boriti zitakazopatikana zina urefu gani, na hio habari moja ikaamua nyumba nzima. Alianza na kitu kitakachobeba mzigo mwisho, akarudi nyuma mpaka msingi. Kama huo si mpango wa habari sijui ni nini. Tofauti ni kwamba kichwa kilikuwa kimoja, leo vichwa ni sita na kila kimoja kiko mji wake.

Fundi mkongwe:
Marahaba. Hapo sawa. Endelea.

Mkadiriaji:
Nauliza upande wangu wa BQ, ile orodha ya idadi na bei za vifaa na kazi. Kila mtu ananiambia modeli itanitolea hesabu yenyewe. Nimejaribu mara mbili, mara zote nikarudi kwenye rula. Kuta zinahesabiwa pamoja na nafasi ya nguzo, plasta haimo kabisa, na vitu vimepewa majina kama "ukuta 3 kopi".

Mleta uzi:
Mkadiriaji hapa ntakaa kidogo, maana hapa ndo niliona mpango ukifanya kazi, na ilikuwa Lamu.

Baada ya lile balaa la Malindi nikaitwa kwenye kazi ndogo, kutengeneza nyumba ya zamani kule Mkomani, dari mbili zimechoka, ukuta mmoja umetoa tumbo, na wikio, kile chumba cha juu kinachovuka ujia kwenda nyumba ya jirani, limeanza kuonyesha ufa. Safari hii nikasema hatufungui kompyuta mpaka tukae. Tulikaa barazani, mwenye nyumba, akitekta, mkadiriaji mmoja mwenzako, fundi mkuu na mie. Swali likawa moja tu, modeli hii nani ataitumia na atafanyia nini. Yakatoka matatu. La kwanza, kuonyesha nyumba ilivyo kabla ya kuguswa, maana mji wa kale wa Lamu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001 na huwezi kubomoa ukuta kisha ndo ukaeleza ulivyokuwa, watu wa uhifadhi wanataka kuona kabla na baada. La pili, kuhesabu boriti, chokaa na mawe. La tatu, kupanga mizigo inafikaje. Mengine yote tukayaacha, hata picha za kumpendezesha mwenye nyumba tukaziacha, na yeye mwenyewe akaridhia.

Ukishajua matumizi, undani wa kuchora unajipanga wenyewe. Watu wanaviita viwango, 100 mpaka 500, 100 ni umbo tu la jumla na 400 unaweza kukitengeneza kitu kutokana nacho, na 500 ni kile kilichohakikishwa saiti. Kosa la wengi ni kuandika "modeli yote iwe 400". Ya nini? Kwenye nyumba ile boriti za dari zilizochoka tulizichora moja moja, kila moja na urefu wake na hali yake. Kuta tulizichukua na skana ya leza kwa sababu ukuta wa matumbawe haunyooki, chini mnene juu umepungua, ukiuchora kama sanduku umeshasema uongo na hesabu ya chokaa itakuwa uongo vilevile. Zidaka za ndani, vile vishubaka vya ukutani vyenye nakshi za plasta, hatukuzichora kabisa, tulizipiga picha vizuri na kila picha ikafungwa na ukuta wake kwenye modeli, kwa sababu hakuna aliyekuwa anakwenda kuzihesabu wala kuzigusa. Kuzichora ingekula muda mwingi bila faida kwa mtu yeyote.

Sasa hesabu. Mwenzako alisema mapema, kabla ya kuchora, kwamba boriti huku hazinunuliwi kwa mita, zinanunuliwa kwa korija, ishirini ishirini, na kwa daraja la unene, kuna fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Kwa hivyo kwenye mpango tukaandika kwamba kila mti kwenye modeli lazima ubebe daraja lake kwa jina hilo hilo la sokoni na urefu wake baada ya kukatwa. Hivyo tu. Alipotaka hesabu alibonyeza, akapata idadi kwa daraja, akagawa kwa ishirini. Angekuja mwishoni angekuta "mti 1, mti 1 kopi" kama unavyokuta wewe, na angerudi kwenye rula. Modeli haitoi BQ, inatoa kile ulichokubaliana na mchoraji akiweke, na ile plasta yako isipoandikwa kwamba nani anaichora au inakadiriwa kutokana na eneo la ukuta basi haitakuwemo milele.

Mkadiriaji:
Kwa hivyo nikae nao siku ya kwanza. Shida hatuitwi siku ya kwanza. Tunaitwa ramani imeisha na pesa zimepungua.

Mleta uzi:
Najua na inaudhi. Ndo maana nataka iandikwe kwenye mkataba wa kila mmoja, si kuombana.

Nahodha wa nchi kavu:
Hio ya mizigo eleza. Lamu kila kitu ni mashua na punda, kompyuta inasaidia nini?

Mleta uzi:
Inasaidia sana na ndo sehemu niliyoipenda. Kuna matumizi wanaita ya hatua na tarehe, yaani unaifunga modeli na ratiba ya kazi, unaona wiki hii kunajengwa nini. Wenzetu mijini wanaitumia kupanga kreni. Sisi tuliifunga na maji. Mzigo unatoka Mokowe, upande wa bara, kwa mashua, chombo kizito kikipakia unataka kishushie maji yamejaa, karibu iwezekanavyo na nyumba, sio kwenye tope maji yamekupwa watu wanabeba mawe kwa mabega. Kwa hivyo kwenye ratiba tuliweka siku za bamvua, maji yanapojaa sana, na kazi zinazotaka mizigo mikubwa zikasogezwa zifuate hizo. Kutoka ufukweni ni punda, na ujia unaokwenda pale nyumbani ni mwembamba na una kona, kwa hivyo boriti ndefu zilikatwa kwanza kwa urefu wa modeli kisha ndo zikaingia mjini. Hakuna pa kuweka stoo, wiki ya dari ya juu hutaki kuwa na mawe ya ukuta wa chini yamezuia mlango. Na chokaa inataka muda wake wa kulala ndani ya maji kabla ya kutumika, hio nayo ikaingia kama kazi yenye siku zake, maana fundi akiikosa siku hio atakimbilia simiti, na simiti juu ya ukuta wa matumbawe inafungia unyevu ndani na chumvi inaanza kuutafuna ukuta taratibu.

Fundi mkongwe:
Simiti imeua nyumba nyingi Lamu. Hilo liandikeni kwa herufi kubwa.

Mfanyakazi wa Mombasa:
Na hii ISO 19650 ndo nini, kila tenda sasa naiona imetajwa.

Mleta uzi:
Ni viwango vya kimataifa vya kusimamia habari za jengo, sehemu mbili za kwanza zilitoka mwisho wa 2018, na zimetokana na kazi ya Uingereza, ambao serikali yao ilitangaza 2011 kwamba ifikapo 2016 miradi yake itafanywa kwa BIM. Kiini chake ni rahisi kuliko karatasi zake. Mwenye jengo anaandika anataka habari gani na wakati gani, wanaoomba kazi wanamjibu kwa mpango wao wa kuzileta, wakishapewa kazi mpango unakazwa na kila mtu anajua fungu lake. Ukiona tenda imetaja ISO 19650 lakini mwenye jengo hajaandika anataka nini, basi muulize kabla ya kuweka bei, kwa sababu unaombwa kujibu swali ambalo halijaulizwa.

Na kuna la mafaili humo ambalo hata kazi ndogo lazima ilishike. Faili lina hali nne, ninalifanyia kazi bado, nimewapa wenzangu waangalie, limepitishwa litumike saiti, na la kumbukumbu. Saiti yetu ya Malindi mafaili yalikuwa yanapita WhatsApp, "mwisho", "mwisho kabisa", "mwisho hii sasa", na fundi alijenga ngazi kwa "mwisho" wakati akitekta alikuwa ameshafika "mwisho kabisa". Lamu tuliweka folda moja tu ya pamoja ya mtandaoni ya bei rahisi, mtu mmoja ndiye mwenye ruhusa ya kuhamisha faili kwenda kwenye "litumike", na fundi akaambiwa usijenge kitu ambacho hakiko humo hata nikikutumia mie mwenyewe kwa simu.

Mwanachuo:
Na programu? Leseni ni ghali na laptop yangu inachemka nikifungua jengo la ghorofa mbili.

Mleta uzi:
Kuna za bure za kweli, si za kuiba. FreeCAD ni bure, na ndani ya programu ya Blender kuna nyongeza inaitwa Bonsai ambayo inafanya kazi moja kwa moja na faili ya IFC. IFC ndo lugha ya pamoja, ni kiwango cha ISO, 16739, mwenye Revit na mwenye ArchiCAD na wewe mwenye ya bure mnaweza kusomana. Kwenye mpango andikeni mnabadilishana kwa IFC toleo gani na mjaribu siku ya kwanza kwa chumba kimoja tu, ukuta mmoja, mlango mmoja, paipu moja, muone kilichotoka kwa huyu kimefika kwa yule kikiwa kizima. Sisi jaribio hilo lilituonyesha mapema kuwa yale majina ya daraja la mti yalikuwa yanapotea njiani, tukarekebisha asubuhi hio hio. Tungelijua baada ya miti yote kuchorwa ingekuwa kilio.

Na laptop, usichore jengo zima kwenye faili moja. Gawa.

Injinia wa Kilifi:
Sawa, lakini haya unayosema yanahitaji mtu wa kulipwa. Mwenye villa ya Malindi anataka bei ya kuta na dari, ukimwambia kuna mpango wa habari anadhani unamwongezea bili. Bandari ya Lamu kule gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, mradi kama huo una bajeti ya watu wa kukaa na kupanga. Sisi wadogo?

Mleta uzi:
Injinia hilo ni la haki. Mie sisemi mpango wa kurasa themanini. Ule wa Lamu ulikuwa kurasa nne na mbili kati yake ni jedwali. Lakini kazi haikupungua, ilisogea mbele, na hapa lazima tuwe wakweli kwa mwenye jengo, kwamba miezi ya mwanzo ataona tunakaa sana na hakuna jiwe lililosimama. Mie namwonyesha bili ya ile slebu ya Malindi, nimefuta majina, namwambia hii hapa ni gharama ya siku mbili za kikao ambazo hazikufanyika. Wapo wanaoelewa na wapo wasioelewa. Asiyeelewa nambakishia matumizi mawili tu, kukutanisha fani kabla ya kila slebu na orodha ya vifaa vya kumkabidhi mtunza jengo, na hayo mawili siyaachi hata kwa bei ya kukosa kazi.

Kuhusu bandari, ukubwa wa mradi haukuponyi. Ukiwa na fani ishirini na hazina sifuri moja, ni shida ile ile mara ishirini.

Meneja wa nyumba ya wageni:
Jengo likishajengwa mtu anaweza kutengenezewa hio orodha? Sina modeli na sitaki modeli, nataka valvu tu.

Mleta uzi:
Inawezekana, na kutokutaka modeli ni uamuzi sahihi kabisa kwako. Chukua ramani za ghorofa ulizonazo hata kama ni za karatasi, tembea na plamba siku mbili, kila valvu ipewe namba, kibao cha plastiki kifungwe pale pale, namba iandikwe kwenye ramani na kwenye jedwali la simu pamoja na picha. Siku ukitaka kuongeza ghorofa ndo mtu atakuchorea, na hizo namba zitaingia kama zilivyo. Nitumie ujumbe, niko Malindi mpaka mwisho wa mwezi.

Fundi mkongwe:
Kijana nina kazi Shela naanza baada ya Ijumaa, ya mjukuu wa rafiki yangu, ghorofa moja inaongezwa. Akitekta wake yuko Nairobi, injinia yuko Mombasa, na wote wamenitumia ramani kwa simu. Nimezipima kwa rula, ngazi ya mmoja inafika dari na ya mwingine haifiki. Sasa nishike ya nani?

Mleta uzi:
Mzee wangu usishike ya mtu bado. Waulize wote wawili sifuri yao iko wapi, juu ya vigae au juu ya zege, na sakafu ya sasa ya nyumba ni namba ngapi kwa kila mmoja. Naamini tofauti utaikuta hapo hapo. Wakishajibu tunachagua moja, na hio inapigwa ukutani pale saiti, mstari na namba, kila mtu apimie kutoka hapo, iwe akitekta iwe plamba. Nakuja Lamu Alhamisi kumwona mama, ntavuka Shela asubuhi kabla jua halijakuwa kali, nije na levo yangu tuipige pamoja, na namba hio hio ntawaandikia wao wawili iwe mstari wa kwanza wa mpango wao.

Fundi mkongwe:
Njoo. Ila uje na rangi ya mafuta, hii ya maji kwa chumvi ya Shela haimalizi masika.